Kunyoosha Kilichopinda: Safari ya Wapasuaji katika Maradhi ya La Peyronie

Wazee walisema kuwa mficha uchi hazai. Methali hii hutumiwa kila siku juu ya mtu mwenye deni anayeona haya kuomba muda, au mwenye shida anayejifungia nyumbani asiieleze kwa jirani. Watu wameizoea sana kwa maana yake ya fumbo, hata wamesahau kuwa maneno yake yana maana ya wazi pia. Katika insha hii nataka kuirudisha methali hiyo mahali ilipozaliwa, yaani mwilini mwa mwanadamu, kwa kueleza habari za maradhi ambayo wanaume wameyaficha kwa karne nyingi, na jinsi wapasuaji walivyohangaika mpaka wakapata njia ya kuyatengeneza. Ni habari ya haya, lakini si habari chafu. Atakayeisoma mpaka mwisho ataona kuwa ndani yake mna somo juu ya elimu yenyewe: kwamba jibu la swali halikai siku zote mahali swali lilipo.

Maradhi ninayosema ni yale yanayoupinda uume wa mtu mzima ambaye hakuzaliwa na kombo. Yako makombo ya kuzaliwa nayo, ambayo kijana huyagundua anapobaleghe, na hayo yana asili nyingine. Kombo ninalolieleza hapa hupatikana ukubwani, aghalabu mtu akisha kupita umri wa miaka 40 au 50, baada ya miaka mingi ya afya na ndoa. Kwanza mtu huhisi maumivu, au huona kitu kigumu chini ya ngozi. Kisha, kwa muda wa miezi, uume unaposimama huanza kuelekea upande mmoja. Mwisho maumivu huondoka, na kombo hubaki.

Ili kufahamu kazi ya wapasuaji ni lazima kwanza tufahamu umbo lenyewe. Ndani ya uume mna mirija miwili iliyolala sambamba, na kila mmoja umejaa nyama laini ya mfano wa sifongo. Mirija hiyo imevikwa ala nyeupe, nyembamba lakini yenye nguvu nyingi. Ashiki ikija, damu huingia kwa wingi ikaijaza sifongo, ala ikavutika mpaka mwisho wa uwezo wake, na kwa kukazwa huko uume husimama. Ala ikivutika sawasawa pande zote, uume hunyooka. Lakini sehemu moja ya ala ikigeuka kuwa kovu gumu, sehemu hiyo haivutiki tena. Upande wa pili hurefuka, upande wa kovu hubaki mfupi, na uume hauna budi kupinda kuelekea penye kovu.

Mabaharia wa pwani wataelewa jambo hili upesi kuliko watu wengine. Tanga lililotiwa kiraka cha kitambaa kigumu huonekana zima likiwa limekunjwa chomboni. Upepo ukiingia ndipo kasoro hujitokeza, maana kitambaa kingine hutuna na kiraka hakituni, na tanga zima huvutwa kombo. Vivyo hivyo na maradhi haya. Mgonjwa akiwa ametulia haonekani kuwa na ila yoyote. Kasoro yake hudhihiri saa ile tu ambayo hakuna shahidi ila mkewe.

Chanzo cha kovu hilo, kwa kadiri ya maarifa ya leo, ni majeraha madogo madogo yanayopata ala wakati wa tendo la ndoa, mengine madogo hata mtu hayatambui, kwa watu ambao miili yao ina tabia ya kuponya jeraha kwa kovu lililopita kiasi. Baadhi ya wagonjwa huwa na ugonjwa unaofanana nao katika viganja vya mikono, ambapo kano ngumu huvikunja vidole visiweze kunyooka. Ugonjwa huo umepewa jina la Guillaume Dupuytren, mpasuaji wa Ufaransa aliyeueleza katika mwaka wa 1831. Maradhi ya uume si saratani, wala si tauni ya zinaa, wala hayaambukizi. Tena si haba kama watu wanavyodhani. Katika mwaka wa 2001 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika mji wa Köln, Ujerumani. Kati ya wanaume 4,432 waliojibu maswali, asilimia 3.2 walisema kuwa wamepata uvimbe mgumu wa namna hiyo. Kwa kipimo hicho, wanaume 300 wakikutanika mahali pamoja, kumi hivi kati yao wana siri moja, na kila mmoja wao hudhani kuwa yu peke yake duniani.

Maradhi haya si mapya. Wanahistoria wa tiba huwataja mabingwa wa karne ya 16 walioyagusa katika maandiko yao, kama vile Gabriele Falloppio na Andreas Vesalius, wote wawili wakiwa walimu wakubwa wa elimu ya maungo ya mwili. Lakini jina lililoshikamana na maradhi ni la mtu aliyekuja baadaye, na maisha yake yanastahili kuelezwa, kwa kuwa ndani yake mna kinaya ambacho historia hupenda kukificha.

François Gigot de La Peyronie alizaliwa Montpellier, kusini mwa Ufaransa, katika mwaka wa 1678. Baba yake alikuwa kinyozi na mpasuaji kwa pamoja, maana katika zama zile kazi hizo mbili zilikuwa chini ya wembe mmoja. Matabibu waliosoma Kilatini katika vyuo vikuu waliwadharau wapasuaji, wakiwahesabu kuwa watu wa mikono na si watu wa vitabu. La Peyronie alipanda ngazi moja baada ya moja, mpaka katika mwaka wa 1736 akawa mpasuaji mkuu wa Mfalme Louis wa 15. Kabla ya hapo, katika mwaka wa 1731, yeye na Georges Mareschal walikuwa wamekwisha kuanzisha Akademia ya Kifalme ya Upasuaji mjini Paris. Kisha katika mwaka wa 1743 mfalme alitoa amri iliyowatenga wapasuaji na vinyozi. Tangu siku hiyo mpasuaji wa Paris hakuwa tena ndugu wa mnyoaji ndevu, bali mtu wa elimu kama tabibu.

Mwaka huo huo wa 1743 Akademia ilitoa juzuu ya kwanza ya makala zake, na ndani yake mlikuwa na makala ya La Peyronie juu ya vizuizi vinavyopinga kutoka kwa manii kwa njia ya maumbile. Kichwa hicho kinatuonyesha jinsi mambo yalivyotazamwa. Hakuandika juu ya umbo, wala juu ya starehe; aliandika juu ya uzazi. Katika nyumba ya mfalme, na hata katika kibanda cha mkulima, mume asiyeweza kufikisha mbegu yake alikuwa hatarini kukosa mrithi. Ndipo alipoeleza wagonjwa wenye vifundo vigumu vilivyopangana juu ya uume mfano wa shanga za tasbihi, wakati wa kusimama vikaukunja uelekee juu. Hakuna aliyekuwa ameyaeleza maradhi haya kwa uwazi kama huo mbele ya watu wa elimu.

Sasa na tukitazame kinaya chenyewe. Huyu alikuwa mkuu wa wapasuaji, mtu aliyetumia maisha yake kuipandisha heshima ya kisu. Alipofika kwenye tiba ya maradhi haya, je, alisema yakatwe? La. Aliwashauri wagonjwa watumie maji ya chemchemi ya Barèges, mahali palipo katika milima ya Pyrenees, ambayo yalisifiwa kwa nguvu ya kulainisha makovu. Watu wengine wamelicheka shauri hilo. Mimi siwezi kulicheka. Maji yale hayakuweza kuyeyusha kovu, lakini hayakumdhuru mtu. Na karne mbili zilizofuata zilionyesha kuwa kisu kikitangulia maarifa huharibu kuliko maji.

La Peyronie alikufa katika mwaka wa 1747, na maradhi yakabaki na jina lake na bila dawa. Waliomfuata walijaribu kila kilichokuwapo katika zama zao: zebaki, iodini, nguvu za umeme, miali ya eksirei, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1940 vitamini E. Kila dawa ilisifiwa ilipoanza, na sababu yake si ngumu kuijua. Maumivu ya maradhi haya huondoka yenyewe kwa wagonjwa walio wengi, hata pasipo dawa, na wagonjwa wachache hupata nafuu ya kombo lenyewe. Basi dawa yoyote iliyotolewa wakati huo ilipata sifa ya kazi isiyoifanya. Huu ni mtego wa zamani katika tiba, na hata leo watu hunaswa nao.

Wapasuaji nao walikuwa na fikira iliyoonekana kuwa sawa kabisa. Kovu ndilo adui. Basi kovu na liondolewe. Walikata ngozi, wakalitafuta bamba gumu, wakalichonga likatoka. Lakini mwili hauachi pengo wazi. Mahali pa kovu lililoondolewa palijaa kovu jingine, ambalo pengine lilikuwa kubwa na gumu kuliko la kwanza, na mgonjwa aliyeingia hospitalini akiwa amepinda alitoka akiwa amepinda zaidi, au akiwa hana nguvu kabisa, kwa sababu sifongo iliyo chini ya ala ilikuwa imejeruhiwa. Baadhi yao waliona kosa hilo, wakafikiri kuliziba pengo. Lowsley na Boyce walieleza katika mwaka wa 1950 upasuaji wa kulitoa kovu na kuweka kipande cha mafuta ya mwili wa mgonjwa mwenyewe mahali pake. Hiyo ilikuwa hatua ya mbele, maana ilikubali kuwa kuondoa si kutengeneza. Hata hivyo macho ya wapasuaji yalikuwa bado yameelekea upande mmoja tu, upande wa ugonjwa.

Aliyeugeuza uso wao hakuwa akitibu maradhi ya La Peyronie hata kidogo. Reed Nesbit alikuwa mwalimu wa upasuaji wa njia ya mkojo katika Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, Marekani, mtu mashuhuri kwa kitabu chake cha mwaka wa 1943 juu ya upasuaji wa tezi ya kibofu. Katika mwaka wa 1965 alitoa makala fupi yenye habari za wagonjwa watatu tu, wote wenye kombo la kuzaliwa nalo. Wagonjwa hao hawakuwa na kovu la kukatwa. Ala yao ilikuwa nzima. Upande mmoja ulikuwa mrefu na mwingine mfupi, basi. Kwa hiyo Nesbit alilazimika kufikiri kama fundi wa nguo afikirivyo mbele ya suruali ambayo mguu wake mmoja umezidi. Fundi hawezi kuurefusha mguu mfupi pasipo kitambaa, lakini aweza kuupunguza ule mrefu. Nesbit alikata vipande vidogo vya ala, vyenye umbo la yai lililobanwa, katika upande ule uliokuwa mrefu, akaishona mipaka ya kila tundu ikutane. Upande mrefu ukawa mfupi kama mwenzake, na uume ukanyooka.

Msomaji na asimame hapa kidogo. Kwa miaka 200 na zaidi watu wa tiba walikuwa wakilifukuza kovu. Jibu likapatikana upande wa pili, katika nyama nzima isiyo na kosa, na likapatikana kwa wagonjwa wengine wenye shida nyingine. Kovu halikuondolewa wala kulainishwa. Liliachwa lilipo, na ubaya wake ukavunjwa kwa kuusawazisha upande uliobaki. Sijui mfano ulio bora kuliko huu wa kuwaonyesha wanafunzi kuwa ugonjwa ni jambo moja na ulemavu unaoletwa na ugonjwa ni jambo jingine, na kwamba aweza kupona wa pili pasipo kupona wa kwanza.

Lakini njia hiyo ilihitaji macho. Mgonjwa aliyepewa nusukaputi amelala. Uume wake umelegea, na kombo halionekani. Mpasuaji angejuaje akate wapi, na kiasi gani? Katika mwaka wa 1974 Ruben Gittes na McLaughlin walieleza njia iliyokuwa rahisi hata ikashangaza. Mpira wa kubana hufungwa penye shina la uume, kisha maji ya chumvi yaliyosafishwa hupigwa kwa sindano ndani ya sifongo mpaka uume usimame palepale juu ya meza. Kombo likaonekana waziwazi chini ya taa. Mpasuaji akaweza kulipima, kukata, kushona, kisha kupiga sindano tena na kutazama kama kazi yake imenyooka kabla ya kufunga jeraha. Tangu hapo upasuaji huu haukuwa tena kazi ya kubahatisha, kama fundi anayenyoosha mlingoti gizani.

Mwaka ule ule wa 1974 Charles Devine na Charles Horton, wa Norfolk katika jimbo la Virginia, walitoa habari za njia iliyo kinyume cha ile ya Nesbit. Wao walilirudia kovu, lakini kwa silaha bora. Walilitoa, kisha wakaliziba pengo kwa kiraka kilichokatwa katika ngozi ya mgonjwa mwenyewe, baada ya kuondoa tabaka ya juu. Upande mfupi ukarefushwa uwe sawa na ule mrefu. Miaka mitano baadaye, katika mwaka wa 1979, Pryor na Fitzpatrick wa London walichukua upasuaji wa Nesbit, uliobuniwa kwa kombo la kuzaliwa nalo, wakautumia kwa wagonjwa wa maradhi ya La Peyronie. Hivyo zikasimama madhehebu mbili za wapasuaji, moja ya kupunguza na moja ya kutia kiraka, na mabishano yao yameendelea mpaka leo kwa adabu na kwa faida.

Ubora na upungufu wa kila upande hujulikana. Kupunguza ni kazi nyepesi zaidi, haigusi sifongo kwa kina, na nguvu ya kusimama kwa kawaida huhifadhika. Gharama yake ni urefu: mgonjwa hutoka na uume ulionyooka lakini mfupi kuliko ulivyokuwa, aghalabu kwa sentimita 1 au 2. Kutia kiraka huokoa urefu, na hufaa kombo likiwa kali sana, au kovu likiwa limeubana uume katikati kama kiuno cha nyigu. Gharama yake ni nguvu, kwa sababu kiraka huweza kuvujisha damu ambayo ingepaswa kukaa ndani, na mgonjwa akapata uume ulionyooka usiosimama vizuri. Hakuna njia inayotoa bure. Mpasuaji humwuliza mgonjwa, kwa maneno mengine, yuko tayari kulipa kwa sarafu gani.

Baada ya hapo mafundi waliongeza ufundi. Katika mwaka wa 1985 Essed na Schröder walieleza njia ya kuikunja ala kwa nyuzi tu, pasipo kukata kipande, kama mshonaji anayetia mikunjo kiunoni mwa gauni. Katika mwaka wa 1990 Yachia alieleza kupasua ala kwa urefu na kuishona kwa upana, hila ambayo hufupisha upande huo bila kutupa kitu. Katika mwaka wa 1998 Tom Lue na El-Sakka, wa San Francisco, walieleza kiraka cha mshipa wa damu uliotolewa mguuni, ambao ni mwembamba na laini na umezoea kuishi na damu. Huko London nako hesabu zilikusanywa kwa saburi: katika mwaka wa 1995 Pryor na wenzake walitangaza habari za wanaume 359 waliopasuliwa kwa njia ya Nesbit katika muda wa miaka 16. Kutoka wagonjwa watatu wa Ann Arbor mpaka 359 wa London, fikira ndogo ilikuwa imekomaa ikawa desturi.

Wako pia wagonjwa ambao kombo si shida yao ya pekee, kwa kuwa nguvu za kusimama zimewapotea. Kwao kunyoosha peke yake ni sawa na kutengeneza usukani wa chombo kisicho na tanga. Katika mwaka wa 1973 Brantley Scott na wenzake walieleza kiungo bandia kinachojazwa maji kwa pampu ndogo iliyofichwa ndani ya mwili, na katika mwaka wa 1975 Small na Carrion wakaeleza vijiti vya silikoni vinavyotiwa ndani ya mirija ile miwili. Kisha Wilson na Delk walionyesha katika mwaka wa 1994 kuwa kiungo cha kujazwa kikiisha kuwekwa na kujazwa, mpasuaji aweza kuushika uume kwa mikono yake na kuukunja kwa nguvu upande ulio kinyume cha kombo, mpaka kovu lipasuke na ala inyooke. Jambo linaloonekana la ukatili hutendwa mgonjwa akiwa usingizini, nalo huwaondolea wengi haja ya kukatwa zaidi.

Methali nyingine husema, samaki mkunje angali mbichi. Hekima hiyo inafaa katika malezi, lakini katika maradhi haya mpasuaji huenda kinyume chake. Kovu likiwa bado bichi, lenye maumivu na linaloendelea kubadilika, haligusi. Hungoja mpaka likauke: mpaka maumivu yaishe, na kombo likae hali moja kwa miezi kadhaa, aghalabu mwaka mzima au zaidi tangu maradhi yaanze. Anayenyoosha mapema hunyoosha kitu ambacho kesho kitapinda tena. Kungoja huko ni adhabu kwa mgonjwa, na hapo ndipo wadanganyifu hupata soko lao, kwa kuwa mtu anayengoja na kuona haya hununua chochote anachoahidiwa gizani.

Wala kisu si neno la mwisho. Katika mwaka wa 2013 serikali ya Marekani iliruhusu sindano ya kimeng'enya kinachokula nyuzi za kovu, kwa wagonjwa ambao kombo lao limefika digrii 30 au zaidi. Sindano hiyo hupunguza kombo, lakini kwa kawaida hailimalizi, na ina hatari zake, mojawapo ikiwa ni kupasuka kwa ala. Miaka 270 tangu makala ya La Peyronie, tiba imelirudia tumaini lake la kulilainisha kovu badala ya kulikata. Tofauti ni kwamba sasa kinajulikana kinachotendeka ndani ya nyama, na kinapimwa.

Nimesema mengi juu ya ufundi. Na nimalizie kwa lililo kubwa kuliko ufundi. Upasuaji huu hautibu ugonjwa unaoua. Mtu aweza kuishi na kombo lake mpaka uzee wake, na wengi ambao kombo lao ni dogo, wala haliwazuii wala haliwaumizi wake zao, hawahitaji kisu bali wanahitaji kuambiwa tu kuwa si saratani. Kwa hiyo sababu ya kupasua haimo katika digrii za kombo peke yake. Imo katika maisha ya watu wawili: kama tendo la ndoa linawezekana au haliwezekani, na kama ukimya ulioingia nyumbani unaweza kuondoka. Mpasuaji hawezi kulijua hilo kwa kupima. Hulijua kwa kuambiwa.

Na ahadi yake iwe ya kweli. Mgonjwa aambiwe kabla ya kulala juu ya meza kuwa atapoteza urefu. Kuwa kichwa cha uume chaweza kufa ganzi kwa muda. Kuwa ataweza kuhisi mafundo ya nyuzi chini ya ngozi. Kuwa kombo dogo laweza kubaki au kurudi. Kuwa lengo ni uume unaofaa kwa kazi yake, si mstari wa rula. Aliyeambiwa hayo akakubali hushukuru akipata nusu ya alichotamani. Asiyeambiwa hulalamika hata akipata chote. Wapasuaji walijifunza jambo hili polepole, kama walivyojifunza kuutazama upande mzima, na thamani yake si ndogo kuliko ya kisu.

Basi tunarudi penye methali. Ili tabibu aambiwe, ni lazima mgonjwa awe na maneno ya kusema. Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya stara, na stara ni pambo la lugha. Lakini stara ikizidi hugeuka kuwa bubu, na bubu hatibiwi. Msomi wa lugha anayeona kuwa habari kama hizi ziko chini ya heshima yake huwaacha wenzake waende hospitalini wakiashiria kwa vidole. Maneno tunayo: kovu, ala, kombo, mshono, kiraka. Ni maneno ya mafundi na mabaharia, safi yasiyo na aibu, na yanatosha kueleza shida na dawa yake. La Peyronie aliandika mbele ya wasomi jambo ambalo watu walinong'ona gizani, na ingawa dawa yake ilikuwa maji tu, kuandika kwake ndiko kulikofungua mlango ambao wenye visu bora waliingilia baadaye. Aliyeuficha uchi wake hakuzaa. Aliyeutaja kwa adabu alizaa elimu.